Mgongo wa Mkwe Wangu

Mkwe wangu ni mpiga gitaa, na tangu amuoe binti yangu sijapata kumtazama akipiga. Nimemsikia tu. Nimemsikia kuliko mtu yeyote aliye hai, pengine kuliko hata mke wake, maana mke wake ana watoto wa kuogesha na mimi nina jiko lenye ukuta mwembamba. Kwa hiyo nikieleza upigaji wake naeleza nilichosikia, na masikio yangu ni mazima. Macho ndiyo yameanza kuchoka, lakini hapa hayahusiki.

Anayetoka mbali huenda asielewe. Kwetu Karagwe, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Si ugomvi. Ni heshima. Huyu mwanamke amemzaa mkeo, huwezi kumkodolea macho kama mbuzi wa mnadani. Siku hizi vijana wa mjini wanakumbatiana na mama wakwe zao na kupiga nao picha. Mchungaji wetu amehubiri kwamba si dhambi. Mimi sikusema ni dhambi. Nilisema sifanyi.

Sasa taabu yangu ni hii. Mkwe wangu alipotafuta kiwanja hapa Nyakasimbi, alikipata ng'ambo ya njia, mbele kabisa ya kibanja changu. Nilimwambia binti yangu, "Nchi yote hii Mungu ameitandaza, mmekosa pengine?"

"Mama, ndicho tulichopata."

"Basi mwambie mumeo azoee kukimbia."

Akazoea. Nikitaka kutoka nyumbani nakohoa kwanza. Akisikia kikohozi, anaruka ndani ya mibuni. Jirani yangu, mwanamke mwenye mdomo mwepesi, husema mkwe wangu amepukutisha kahawa nyingi kwa mgongo kuliko wengine wanavyochuma kwa mikono. Nami namjibu kwamba afadhali mkwe anayekimbia kuliko wake, ambaye humkuta amekaa jikoni anafunua sufuria.

Kazi yake ya gitaa ilianzia kanisani, kama wengi. Kwao ni Kibingo, kule Kyerwa, na kwaya ya usharika wao ilikuwa na gitaa kuukuu lililopungukiwa waya. Alilipiga hivyo hivyo. Nadhani hapo ndipo alipojifunza kutoa sauti mahali ambapo haipo. Baadaye dereva wa lori la kahawa akamwachia kanda ya muziki wa watu weusi wa Amerika. Muziki huo unaitwa bluzi, na ukiongezewa makelele unaitwa roki, na yeye alivipenda vyote viwili kwa pamoja. Kwao walidhani karogwa. Alikuwa anakaa chini ya mgomba na redio, anarudisha kanda nyuma, anasikiliza kipande kile kile mpaka betri zinakufa, kisha anaziweka juani zifufuke.

Nilimuuliza binti yangu hiyo bluzi ni kitu gani. Akasema ni nyimbo za watu waliolimishwa mashamba ya wengine, wakaimba taabu yao mpaka taabu yenyewe ikachoka.

"Kumbe ni wimbo wa kupalilia," nikasema.

"Ndiyo, mama. Karibu na hapo."

Wangenieleza hivyo wakati wa posa, nisingemkatalia mshenga mara ya kwanza.

Alikwenda Bukoba akaingia katika bendi ya hoteli. Walitaka apige kila wimbo kama ulivyo kwenye redio, na yeye kitu kikishapita mikononi mwake kinatoka kimebadilika sura. Wakaachana. Akaenda Mwanza, bendi kubwa kidogo, yenye suti. Kiongozi wake akamwambia, "Wewe unachelewa. Ngoma imefika, wewe bado uko njiani." Ni kweli huchelewa. Nimemsikia. Huchelewa kama mtu mwenye adabu aliyeitwa chakula, ambaye anamalizia kwanza neno alilokuwa akisema. Anafika, lakini hakimbii. Mwanza wanakimbia. Wakaachana pia, akarudi na gitaa lake jekundu mgongoni, akawa anapiga kwenye harusi na sherehe za kipaimara, na jioni anapiga ya kwake mwenyewe pale barazani, mbele ya jiko langu.

Sauti ya gitaa lake si safi. Nasema wazi. Analichomeka kwenye spika ndogo, halafu anageuza kitufe mpaka sauti inachubuka, inakuwa kama sufuria lililoungua likikwanguliwa kwa kijiko cha chuma. Mara ya kwanza nilidhani spika imekufa. Nikamwita binti yangu aje uani, nikamwambia ampe mumewe pole. Akacheka mpaka akashika mti. "Mama, ndivyo anavyoitaka!" Mtu mzima, mwenye watoto, anatafuta sauti iliyoungua kwa makusudi. Nilinuna siku nzima. Lakini baadaye nikafikiri: ukipika wali, watoto wanagombania nini? Ukoko.

Halafu kuna kuvuta. Anabonyeza waya na kuusukuma pembeni, na sauti inapanda taratibu, kama ndama aliyefungiwa zizini anapomsikia mama yake anarudi kutoka malishoni. Inapanda, inakaribia kufika, haifiki, inashuka. Hapo mimi nikiwa namenya ndizi kisu kinasimama. Inapanda tena. Ikifika, naendelea kumenya. Nimechelewesha vyakula vingi kwa ajili ya ndama huyo. Wakati mwingine huvaa kipande cha bomba la shaba kwenye kidole kidogo akakitelezesha juu ya nyaya, na hapo si ndama tena. Ni mwanamke anayelia msibani huku akikumbuka jambo la kuchekesha alilofanya marehemu. Sijui nieleze namna gani nyingine. Waliokwisha kulia hivyo watanielewa.

Na kuna kimya. Hiki ndicho kilichonishika mimi.

Mnyambo, yaani mtu wa kwetu Karagwe, hamsalimu mtu kwa neno moja akapita. Anakuuliza umeamkaje, unaitika "mm." Anauliza za nyumbani, "mm." Za shamba, za ng'ombe, za wagonjwa, "mm, mm, mm." Asiyeitika ana kiburi au ni kiziwi. Basi gitaa la mkwe wangu linasema maneno machache, linanyamaza, linangoja. Kisha linasema mengine, linanyamaza, linangoja. Linangoja nani? Mke wake yuko kisimani, watoto wako mchezoni. Jioni moja nikiwa nimeinama juu ya moshi nikajisikia nimeitika mwenyewe: "Mm."

Gitaa likasimama. Nikadhani nimeharibu. Kisha likauliza tena, polepole zaidi, kama mtu anayemsalimia mgonjwa.

"Mm," nikasema.

Sikutoka jikoni, na yeye hakuvuka njia. Lakini tangu hapo ndivyo tulivyoishi. Anapiga, ananyamaza mahali pa kunyamaza, naitika. Mila inakataza kutazamana. Kuhusu "mm" haikusema kitu.

Mara moja tu niliiona mikono yake. Binti yangu aliniletea simu, ndani yake mumewe anapiga gitaa kwenye harusi. Tukabishana. Kumtazama mkwe kwenye simu ni kumtazama au si kumtazama? Yeye alisema si yeye, ni picha. Mimi nilisema hata kwenye kioo si yeye, lakini huwezi kumchungulia mtu anayenyoa kwa kioo ukasema hukumwona. Mwisho nikaishika simu mwenyewe, nikaufunika uso wake kwa kidole gumba, nikatazama mikono. Ina vidole virefu, na cha kati kimepinda. Kila alipotikisa kichwa nilihamisha gumba. Binti yangu akasema, "Mama, unamfuta jasho?" Nikamrudishia simu yake.

Sasa nieleze kilichotufikisha Bugene, kwenye tamasha.

Mkwe wangu ana kaka kule Kyerwa anayechimba bati. Kaka huyo alimwambia aache mambo ya kuzungusha mikono hewani, aje kwenye mashimo, nafasi ipo. Harusi zilikuwa zimepungua, maana watu sasa wanaleta kijana na kompyuta, anabonyeza muziki unatoka. Binti yangu hakulala vizuri wakati ule. Shimo la bati linaangukia watu, na hata lisipokuangukia linakula vidole. Mume na mke wakakubaliana hivi: angengoja msimu wa kahawa umalizike. Kama mpaka hapo gitaa halijampa kazi ya kueleweka, ataliuza, ashike sururu. Aliapa mbele ya mke wake, na mkwe wangu akiapa ameapa.

Nilijua kabla sijaambiwa. Jioni moja alikaa barazani asipige. Nikaona mguu wake tu, chini ya ua wa minyaa, umetulia. Kuku wangu mweusi, yule mzururaji, alikuwa njiani katikati yetu akichakura.

Mkwe huwezi kumsemesha hivi hivi. Lakini kuku unaweza.

"Wewe kuku," nikasema kwa sauti, nikiangalia migomba, "mbona leo hapo kwa jirani kumenyamaza? Wamehama?"

Nikamsikia anakohoa.

"Kuku," akasema taratibu, "mwambie mama hatujahama. Tunapumzika."

"Kuku, kijana anapumzika na jua bado liko juu? Anaumwa?"

"Kuku, mwambie mama haumwi. Ni kwamba gitaa linataka kuuzwa, na kitu kinachouzwa hakichezewi."

"Kuku, muulize nani kasema linauzwa. Msimu wa kahawa umekwisha? Mimi nina mibuni hapa haijaiva nusu. Au yeye anavuna mbichi?"

Nikamsikia anacheka puani. "Kuku, mwambie mama kuna bwana anakuja kutoka Mwanza. Si wale wa zamani, ni mwingine. Anatafuta mpiga gitaa wa bendi ya kudumu, ya kuzunguka miji ya ziwani. Amesema tukutane kwenye tamasha Bugene, anisikie mbele ya watu. Nikimpendeza, nachukuliwa. Nisipompendeza, nakwenda Kyerwa kwa kaka."

"Kuku, muulize: sasa anakaa tu kwa nini?"

"Kuku, mwambie mama ninaogopa."

Kuku akaenda zake, hana adabu. Nikakaa nikafikiri. Kumbembeleza mkwe siwezi, hata kwa kupitia ndege. Nikasema tu, kwa migomba, "Basi apige sasa, ndizi zangu hazimenyeki kwenye kimya."

Baada ya muda kidogo akapiga. Nikaitika.

Siku ya tamasha binti yangu aliniomba niende. Nilisema siendi, mama mkwe hafuati mkwe uwanjani. Akasema, "Nenda ukae nyuma kabisa, kwa wauza miwa. Hutamwona na yeye hatakuona. Lakini mimi nataka uwepo." Mtoto ukimzaa wa mwisho ana njia zake. Nikavaa kitenge changu cha kanisani, nikapanda bodaboda, nikaenda Bugene.

Nilifika nikajipanga vizuri, nyuma ya watu, nyuma ya miwa, nimeelekea barabarani. Hapo ndipo aliponiona mshereheshaji. Alikuwa mgeni kutoka Dar es Salaam, kijana mtanashati mwenye miwani ya jua, na mwenye heshima nyingi za mahali asipopajua.

"Shikamoo bibi! Bibi anasimama nyuma huku kweli? Hapana jamani!"

"Marahaba. Nimependa hapa."

"Haiwezekani, bibi. Wazee wetu ni mbele."

"Mwanangu, nimekwambia nimependa hapa."

"Bibi ana aibu! Mpisheni bibi apite!"

Akanishika mkono. Watu wakapisha. Ningemweleza nini katikati ya umati, kwamba mpiga gitaa ni mkwe wangu? Kabla sijapata maneno nimeketishwa kwenye kiti cha plastiki safu ya mbele kabisa, pamoja na akina mama wengine wazee na viongozi wa vijiji. Mbele yangu jukwaa, hatua chache tu. Pembeni, upande wa viongozi, amekaa yule bwana wa Mwanza, mtu mnene mwenye kofia, anatafuna kahawa ya kukaribishia wageni aliyopewa kwenye jani. Binti yangu alikuwa kule ng'ambo, amesimama kando ya spika. Aliponiona niliko akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Nilitaka kuinuka. Wakati huo huo mshereheshaji akapaza sauti, ngoma zikaanza, na mkwe wangu akapanda na gitaa lake jekundu. Nikateremsha macho haraka kwenye viatu vyangu. Lakini yeye alikuwa amekwisha kuniona.

Sikuona alichofanya. Nilisikia. Nilisikia watu wakisema "Aaah?" Nikainua macho kidogo tu, kwa tahadhari, na nilichokiona ni mgongo. Amegeuka kabisa. Amempa mpiga ngoma uso, na sisi sote, Bugene nzima na bwana wa Mwanza, ametupa mgongo wa shati lenye jasho.

Na akaanza kupiga hivyo.

Ilikuwa mbaya. Nasema wazi kwa sababu nampenda. Alipiga kama mtu anayekula mbele ya wakwe: matonge madogo madogo, asitoe sauti, asiongeze mchuzi. Waya hakuvuta. Sauti iliyoungua aliipunguza. Ndama hakulia. Pale pa kunyamaza hakunyamaza, alipita mbio kama anayevuka ua wa watu wenye mbwa. Bwana wa Mwanza akatoa simu yake mfukoni, akaanza kusoma.

Mama aliyekaa kulia kwangu, mwenye kilemba, akaniinamia. "Huyu kijana ana nini? Tumemkosea?"

"Ni mkwe wangu," nikasema.

"Ee waitu!" Akapiga kofi pajani. "Mkwe wako wa kweli? Aliyeoa kwako?"

"Aliyeoa kwangu."

"Na wewe umekaa hapa?"

"Nimekalishwa."

Akamgeukia wa pili, wa pili akawageukia wa nyuma, na habari ikaondoka safu kwa safu. Nilikuwa naisikia ikienda, kicheko kinaifuata kama vumbi linavyofuata lori. Ilipofika kwa vijana wa bodaboda mwishoni ikarudi kwa kelele.

"Mama mkwe mfunikeni!"

"Bibi, hurumia ndoa ya watu!"

"Mkwe, geuka tu, amefumba macho!"

"Hajafumba, namwona!"

Mshereheshaji masikini alikuwa anazungusha kichwa kama kuku kwenye mvua, haelewi watu wanacheka nini. Bwana wa Mwanza akarudisha simu mfukoni na kushika mikono ya kiti chake, kama mtu anayetaka kuinuka aondoke. Nikamtazama binti yangu. Hakuwa anacheka. Alikuwa anamtazama yule bwana tu.

Nilifikiri niondoke. Lakini kuondoka kwenye safu ya mbele, uwanja mzima unakuzomea, ni kwenda njia ndefu sana mbele ya jukwaa, na mkwe angelazimika kuendelea kutazama ngoma mpaka nifike barabarani. Mambo yangekuwa yamekwisha. Na zaidi ya hayo, mimi si mtu wa kufukuzwa.

Nikasimama. Nikakishika kiti changu cha plastiki kwa mgongo wake, nikakizungusha, nikakaa tena. Sasa mimi ndiye niliyeligeuzia jukwaa mgongo, na uso wangu ukawa kwa watu.

Uwanja ukalipuka. Sijapata kusikia watu wa Bugene wakicheka vile. Yule mama wa kilemba akasema, "Hutakaa hivyo peke yako kama mwizi," akazungusha cha kwake. Aliyefuata akazungusha. Wa tatu kiti kilikwama kwenye udongo, wakamsaidia. Mwisho safu nzima ya akina mama wazee tukawa tumekaa kinyumenyume, vitenge vimekaa sawa, mikono mapajani, tunautazama umati kama wanakwaya wanaosubiri kuinuliwa. Viongozi wa vijiji hawakujua wageuke au wabaki.

Lakini mkwe wangu hakuwa anajua. Alikuwa bado ameelekea ngoma, anasikia kicheko tu, na nadhani alifikiri anachekwa yeye. Gitaa likasitasita. Likasema maneno machache, likakwama, likanyamaza. Si kile kimya chake. Kilikuwa kimya cha mtu aliyekata tamaa.

Sikujali. Kimya ni kimya.

"Mm!" nikasema, kwa sauti ya kuitia ng'ombe.

Uwanja ukatulia. Nyuma yangu nikasikia waya mmoja ukiguswa, kidogo sana, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba anayoijua. Likauliza.

"Mm," nikaitika. Na yule mama wa kilemba, ambaye hakuambiwa kitu na mtu, akaitika pamoja nami, maana Mnyambo akiulizwa huitika. Likauliza tena. Safu nzima ikaitika. Likauliza tena, na sasa kitufe kile kilikuwa kimegeuzwa, sauti imeungua vizuri, na uwanja mzima, hata wauza miwa, wakasema "Mmm!" kwa pamoja mpaka nikaisikia kifuani.

Hapo akageuka. Sikumwona, lakini nilijua, kwa sababu niliona nyuso za watu. Mtu akitazama jua linachomoza huna haja ya kugeuka kujua limechomoza.

Basi nikalitazama gitaa la mkwe wangu kwa njia hiyo, kwenye nyuso. Ndama alipoanza kupanda, nikaona shingo za watu zinapanda naye. Hakufika, wakashuka. Akapanda tena, na mwanamume mmoja mwenye mzigo wa ndizi kichwani akasahau kwamba ana mzigo. Alipofika, watoto wakaruka. Alichelewa vile anavyochelewa, na mpiga ngoma akajifunza kumngoja. Alipovaa bomba la shaba nikamwona mama mmoja kijana akifuta machozi na kucheka, vyote kwa kiganja kimoja. Na bwana wa Mwanza alikuwa ameacha kutafuna. Kahawa imekaa shavuni, imetuna kama jino linalouma, na yeye hana habari nayo.

Binti yangu alikuwa amekaa chini, kwenye majani, kando ya spika.

Baadaye yule bwana alikuja kwetu. Mtu mmoja alikuwa amemweleza kisa, na yeye alicheka mpaka akavua kofia. "Hata kwetu Usukumani mkwe anaheshimiwa," akasema, "lakini sijapata kuona heshima inayogeuza viti." Kisha akamwambia binti yangu mambo mawili. La kwanza, mumewe ajiandae, bendi inaondoka kahawa ikishaanikwa. La pili, ule mwanzo wa kuwapa watu mgongo asiuache, maana watu wa mjini wakipewa mgongo wanavuta viti karibu.

Ndivyo anavyofanya mpaka leo, nasikia. Mwanza, Musoma, kote anakopita, anaanza akiwa amewageuzia watu kisogo, matonge madogo madogo, kisha ananyamaza. Anasubiri mpaka mtu mmoja kule gizani aitike. Wanasema ni maringo ya msanii. Magazeti ya huko na yaandike yanavyotaka. Sururu ya kaka yake imepata mtu mwingine, na vidole vyake virefu viko vyote, na kile kilichopinda.

Siku moja kabla hajaondoka nilitaka kumpa chakula cha kuagana chenye heshima, na chenye heshima nilichokuwa nacho uani kilikuwa kuku mweusi. Nikaagiza achinjwe, nikampika mwenyewe, nikamkabidhi binti yangu avushe njia. Jioni nikamsikia mkwe wangu barazani akifunga gitaa lake kwenye mfuko. Akakohoa.

"Kuku," akaanza, kisha akanyamaza. Alikuwa ameshiba.

Nikatazama njia. Hakuna kitu. Mbuzi wangu alikuwa amefungwa kwenye mgomba, anatafuna.

"Mbuzi," nikasema, "mwambie aseme, nasikia."